Si Mkazi wa Wadi Hii

Watu wa mbali wakisikia kwamba mimi ni mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, hudhani kazi yangu ni kutunga sheria. Wacha nicheke. Sheria nimetunga, ndiyo, nimeinua mkono na kuushusha pale Migori mjini mpaka bega likazoea lenyewe. Lakini kazi yenyewe, ile inayomfanya mtu akuchague tena au akutukane sokoni, ni hema na viti vya matanga, ni kalvati iliyoziba, ni taa ya soko iliyozimika, ni mwalimu wa chekechea ambaye hajaletewa chaki. Ni mama aliyefika mlangoni kwako saa kumi na mbili asubuhi kukuambia kwamba choo cha shule kimetitia na wewe umelala tu. Mimi sijawahi kulala mpaka saa kumi na mbili tangu nichaguliwe. Lakini huwezi kumjibu mama wa watu hivyo, kwa hiyo unasema pole mama, tutaangalia.

Tutaangalia. Neno hilo nimelisema mara nyingi kuliko jina la Mungu, na mimi ni mtu wa kanisa.

Wadi yangu iko upande wa Migori, si mbali na Rongo. Hapa ndipo nilipoolewa. Nilizaliwa ng'ambo ya kijito, upande wa Asumbi, na huko ni kaunti ya Homa Bay. Kijito chenyewe si kitu, wakati wa kiangazi mbuzi hukivuka bila kulowa magoti, ila ndicho mpaka, na wakati wa mvua hubadilika kuwa mnyama. Kwa Wajaluo mke huitwa kwa alikotoka. Kwa hiyo hapa kwa mume wangu, tangu siku ya kwanza mpaka leo nina wajukuu, mimi ni Nyar Asumbi, binti wa Asumbi. Hata kwenye kampeni waliniimba hivyo hivyo. Nikivuka kwenda kwetu, wananiita mheshimiwa wa Migori. Kila upande unanitaja kwa upande ule mwingine. Zamani nilikuwa naona ni jambo la kuchekesha.

Mama yangu alibaki ng'ambo, mjane, boma moja na mdogo wangu wa kiume na familia yake. Alikuwa na presha. Kutoka kwake mpaka hospitali ya Homa Bay ni safari ya kutwa, lakini zahanati ya wadi yangu, ile niliyoipigania kwenye kamati mpaka mwenyekiti akaniomba tafadhali nikae chini, iko hapa tu, ukivuka kijito na kupanda kidogo. Kwa hiyo kila Alhamisi ya pili mama alivuka. Palikuwa na magogo mawili ya mkaratusi ambayo watu wa pande zote waliyalaza juu ya maji, na kila msimu wa mvua gogo moja lilienda zake. Alivuka, akapimwa, akachukua dawa, akarudi.

Ilikuwa lazima arudi siku hiyo hiyo. Kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe. Hata kula hapo ni kwa masharti. Mume wangu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu mpole hana neno na mtu, na alimpenda mama yangu sana, lakini mama akipita kwetu alikaa nje chini ya upenu wa jikoni, naye mume wangu alimsalimia kwa mbali akizunguka nyuma ya nyumba. Ni heshima. Anayeona ni ujinga, aone. Ninachosema ni kwamba sikuweza kumwambia mama, maji yakijaa lala kwangu. Kwangu kwenyewe kulikuwa kwa mkwe wake.

Sasa nieleze kuhusu kitabu. Kipindi changu cha kwanza ofisi yangu ilikuwa gulio. Walikuja watu wa wadi tatu, walikuja watu wa ng'ambo, alikuja hata mwanamume mmoja kutoka mpakani kule Isebania aliyetaka nimsaidie kumtafuta ng'ombe. Watu wangu wakaanza kulalamika: sisi ndio tuliokuchagua na sisi ndio tunapanga foleni nyuma ya wageni? Walikuwa na haki. Nilipochaguliwa tena nikaweka sheria. Nikanunua kitabu kikubwa cha jalada gumu, nikakipigia mistari kwa mkono wangu: jina, kijiji, shida, hatua. Nikamwajiri karani mpya, msichana mtaratibu sana. Nikamwambia swali la kwanza ni moja tu, wewe ni mkazi wa wadi hii? Kama siye, mpe maji anywe, mwandike, umwelekeze kwao kwa adabu. Hakuna kuruka foleni, awe mchungaji, awe shemeji yangu. Na kila Ijumaa utanifungulia kurasa za wiki nitie sahihi, ili mtu asije akasema mheshimiwa hajui kinachoendelea ofisini mwake.

Nilijivunia kile kitabu, jamani. Nilikipeleka mpaka kwenye semina moja kuwaonyesha wenzangu. Na Ijumaa karani alinifungulia kurasa nami nikatia sahihi, simu ikiwa begani, huku nikimwambia mtu mwingine tutaangalia.

Kila mwaka kabla ya bajeti tunaita wananchi waseme wanataka nini kwanza. Mimi siziamini karatasi za kura, karatasi za huku huzaa usiku. Kwa hiyo kwangu watu hupanga mistari. Mmoja anasimama na bango la taa za soko, mwingine la kalvati, wa tatu la darasa la chekechea, wa nne la daraja la miguu pale kijitoni. Unasimama nyuma ya kitu unachokitaka na kila mtu anakuona. Mwaka ule mstari wa daraja ulipita goli la uwanja ukakunja kona. Wengi walikuwa wanawake, maana ndio wanaovuka na njugu kichwani kwenda kuuza pande zote mbili, na watoto wao ndio wanaosubiri maji yapungue ndipo waende shule. Nilisimama pale mbele nikiwa na furaha ya kweli. Niliona wazi kabisa kwamba kazi imekwisha, kilichobaki ni kupeleka orodha kaunti.

Ndipo shemeji yangu akapaza sauti. Ni binamu ya mume wangu, afisa wa kilimo mstaafu, aligombea kiti hiki na nikamshinda. Alikuwa kwenye mstari wa taa, na fimbo yake ya mkwaju mkononi.

"Jameni tuseme ukweli," akasema. "Lile si daraja. Ile ni njia ya Nyar Asumbi kwenda kwao!"

Uwanja ukaangua kicheko. Hata wanawake wa mstari wa daraja wakacheka. Akaona amepata watu, akaongeza: "Mkataa kwao ni mtumwa, shemeji, wala sikukatazi. Nenda kwenu. Lakini usiende na saruji yetu!"

Nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikafuta macho kwa leso, na ndani nilikuwa nachemka. Jioni mume wangu akaniambia achana naye, anatania, huyo hata msibani hutania. Nikasema najua. Nilijua pia kwamba utani wa uwanjani hufika kwenye kampeni ukiwa umevaa viatu.

Wiki iliyofuata tulikaa na mafundi wa kaunti kuandika orodha ya mwisho. Kijito ni mpaka, kwa hiyo daraja lilihitaji barua ya makubaliano na wenzetu wa Homa Bay. Fundi akaniuliza, "Mheshimiwa, tuanze ile barua?" Nikaivuta karatasi upande wangu. Nikatoa kalamu kwenye mkoba, nikachora mstari juu ya daraja.

"Weka taa za soko."

"Lakini mstari wa daraja ndio ulikuwa mrefu."

"Weka taa, bwana."

Hakuna aliyenilazimisha. Sikupigiwa simu na mtu, sikutishwa. Niliogopa kicheko, basi. Taa zikaja, soko likang'aa, watu wakacheza, na shemeji mwenyewe akashika kipaza sauti akanishukuru. Zinawaka mpaka leo, isipokuwa mbili.

Jumapili moja baada ya hapo nilikwenda kumwona mama. Alikuwa amekaa mlangoni anabambua njugu, mke wa mdogo wangu anakaanga samaki. Tukaongea ya huku na huku. Kisha mama akasema, "Nyathina, gogo moja limechukuliwa na maji." Nyathina ni mtoto wangu. Aliniita hivyo hata nikiwa na walinzi.

"Pole, mama."

"Lile daraja mlilopangia mistari limefika wapi?"

Wiki nzima nilikuwa nikisikia habari ya kupendelea kwetu, na sasa nimefika kwetu naulizwa habari hiyo hiyo. Hasira ikanipanda, nikaivika kicheko. Nikamwambia, "Mama, mambo ya ofisi yaletwe ofisini. Hapa mimi nimekuja kula samaki."

"Ofisini wapi?"

"Kule kwangu, karibu na zahanati. Kuna kitabu. Watu wote wanaandikisha shida zao, hakuna wa kuruka foleni. Na wewe njoo kama kila mtu."

Akanitazama. Kisha akacheka, meno yake yalikuwa yamebaki machache, akasema, "Haya, mheshimiwa." Akaendelea na njugu zake. Mimi nikala samaki.

Mvua ikaja kwa nguvu mwaka ule. Alhamisi moja nilikuwa bungeni nasoma hoja yangu, na mtu asiniambie Mungu hana mzaha: ilikuwa hoja ya kuitaka kaunti ihakikishe dawa za presha hazikosekani kwenye zahanati. Simu ikatetemeka juu ya meza. Nikaona ni mama. Nikaikata, nikamtumia ujumbe, niko bungeni, kisha nikaendelea kusoma. Hoja ilipita. Wenzangu walinipiga pambaja.

Jioni nikampigia. Akasema ameshafika nyumbani, nisiwe na wasiwasi. Maji yalijaa akiwa bado upande wetu, ikabidi apande bodaboda azunguke mpaka daraja la barabara kuu, kisha ateremke tena upande wa pili, mvua ikimpiga njia nzima.

"Kwani ulichelewa wapi? Kliniki si huisha saa nne?"

"Nilikuwa na shughuli kidogo huko kwenu."

"Shughuli gani?"

"Ya watu wazima," akasema, na nikamsikia anacheka. Akangoja kidogo, kama mtu aliyetoa kitendawili anasubiri jibu. Nikamwambia avue nguo mbichi anywe chai ya moto, nikakata simu, kulikuwa na mtu mwingine ananipigia.

Mume wangu akaniambia aliyoyaona. Alimkuta mama njia panda amelowa, akamtuma mwanamke mmoja amwambie kwamba yeye atakwenda kulala shuleni na mlinzi, mama aingie nyumbani alale. Mama akamrudishia salamu kupitia mwanamke yule yule. Alimshukuru sana, akapanda pikipiki.

Baada ya siku ile hakuvuka tena. Alisema atapumzika kidogo mpaka maji yapungue. Nikamwambia nitakuletea dawa mwenyewe. Nilipeleka mara moja. Mara ya pili tulikuwa kwenye kikao cha bajeti. Mara ya tatu kulikuwa na matanga mawili siku moja. Sikusahau, na ningependa ieleweke hivyo, maana watu hunifariji wakisema kila mtu husahau. Nilikuwa na orodha na mama alikuwa ndani ya orodha, chini kidogo.

Jumatano moja alianguka jikoni, upande mmoja ukapooza. Mdogo wangu akamkimbiza Homa Bay. Nilikwenda, nikakaa kando ya kitanda. Hakuweza kusema. Mkono wake mzima ulikuwa ukinipapasa kiganja, kidole kimoja kinakwenda huku na huku, kama anachora. Nilidhani anataka maji. Nikamtilia maji kwa kijiko, yakamwagika shingoni. Kesho yake nikarudi kazini kwa sababu daktari alisema hali imetulia.

Jumamosi nilikuwa kwenye mazishi ya mzee mmoja wa wadi yangu. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti wakati mdogo wangu aliponipigia, nikamwona kwenye simu, nikajua. Nikamaliza hotuba. Niliahidi viti vya kanisa, nikawapa pole, nikakaa. Mume wangu akanitazama usoni, akauliza kuna nini. Nikasema, "Mama amekufa." Nilisema kama mtu anayesema mvua inakuja, tuanue nguo.

Tangu saa hiyo mwili wangu ulishikwa na ganzi, na haikutoka. Nilipanga mazishi kama ninavyopanga ya watu. Hema ngapi, nani ataleta sufuria, nani ataongoza ibada. Watu wakasema mheshimiwa ana nguvu. Binti aliyeolewa huja kwenye mazishi ya mama yake na watu wa mume wake, kwa hiyo niliingia boma nililozaliwa nikiwa mgeni, mbele yetu dume la ng'ombe, nyuma yetu wanawake wa wadi yangu wakiimba. Tulizunguka kwa barabara kuu. Maji yalikuwa bado juu.

Na wale vijana wa ratiba wakaniketisha kwenye hema la viongozi, kwenye kiti kilichovikwa kitambaa cheupe. Nilipaswa kusema pamoja na mabinti wa marehemu. Lakini msimamizi wa ratiba akaita, "Sasa tumpe nafasi mheshimiwa kutoka kaunti jirani," nami nikainuka, maana nikisikia maneno hayo miguu huinuka yenyewe. Nikapokea kipaza sauti. Na mdomo ukaanza.

"Kwa niaba yangu na ya watu wa wadi yangu, natoa rambirambi kwa familia iliyofiwa. Mama huyu ametuacha wakati ambapo bado tulimhitaji. Kwa familia nasema, tuko nyuma yenu."

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa kwenye mkeka na wanawake. Hana breki yule. "Wee!" akasema kwa sauti. "Familia si ni wewe?"

Hakuna aliyecheka. Hata wapishi kule nyuma waligeuka kunitazama. Nikasema, "Ndiyo, shangazi," nikarudisha kipaza sauti, nikakaa. Nilitamani nilie. Nilijaribu, Mungu anajua. Nilitazama jeneza nikajiambia mle ndani ni mama, mle ndani ni mama, na nilichokiona ni kwamba msumari mmoja umepinda.

Aliyesimama baada yangu alikuwa mwakilishi wa wadi ya mama, mwenzangu wa upande wa Homa Bay. Sikuwahi kumpigia simu hata mara moja kuhusu kijito. Akasema, "Mheshimiwa huyu ni binti yetu. Na mama huyu alikuwa akihangaika na maji yale kila mvua ikinyesha. Mbele yake hapa nasema, mimi na yeye tutajenga daraja." Watu wakapiga makofi. Kwetu neno lililosemwa mbele ya maiti ni gumu kulimeza tena, na yeye hakulimeza. Wiki iliyofuata alinipigia. Barua ikaandikwa, akatia sahihi, nikatia sahihi. Ilikuwa ukurasa mmoja.

Shemeji alikuja ofisini baada ya matanga. Akaandikishwa kitabuni, akangoja foleni, akaingia, akakaa na mkwaju wake katikati ya magoti. "Shemeji," akasema, "lile neno la siku ile uwanjani."

"Ulitania."

"Nilitania kweli. Lakini nimekuwa nikifikiria."

"Kalamu ilikuwa yangu," nikamwambia. Sikuwa namfariji. Akalia yeye. Nikampa karatasi za kujifutia, nikamtazama analia, nikamwonea wivu.

Daraja likaisha. Ni la chuma na saruji, pana kiasi cha wanawake wawili wenye mizigo kupishana. Lilibaki kufunguliwa rasmi, na mafundi wakataka maelezo mafupi ya kusoma siku hiyo: wananchi walianza lini kuliomba, na akina nani. Nikamwambia karani alete kile kitabu. Tukakaa naye mezani, yeye anafungua kurasa, mimi nafuata safu ya shida kwa kidole. Mbolea. Kalvati. Choo cha shule. Hema. Hema. Mtoto kukosa shule. Hema.

Kisha nikaona: Daraja la kijitoni, maji yamechukua gogo.

Ulikuwa mwandiko wa karani, nadhifu kama kawaida yake. Jina lilikuwa la ubatizo peke yake. Kijiji: ng'ambo, Asumbi. Na kwenye safu ya hatua: Si mkazi wa wadi hii. Ameelekezwa kaunti yake. Ilikuwa ile Alhamisi ya hoja ya dawa. Chini ya ukurasa ilikuwapo sahihi yangu, ile yenye mkia mrefu.

Karani akainama akasoma, uso wake ukachangamka. Siku ya mazishi yeye alibaki kulinda ofisi, hakuwahi kuona picha ya mama.

"Huyu mama namkumbuka," akasema. "Alikuwa mcheshi! Alikaa pale kwenye benchi tangu saa nne mpaka karibu saa nane. Watu wakamwambia pita mbele, wewe ni mzee. Akakataa, akasema amekuja kama kila mtu."

"Hukumwuliza ana mtoto huku?"

"Kitabu hakina safu hiyo, mheshimiwa."

Ni kweli, hakina. Niliipiga mistari mimi.

"Alikasirika ulipomwelekeza kwao?"

"Hapana. Alikunywa maji akashukuru. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mheshimiwa mwenyewe hukisoma hiki kitabu. Nikamwambia hukisoma kila Ijumaa na kutia sahihi. Akafurahi sana. Akasema, basi ataona."

Uchungu ulinishika pale, ghafla, nikashika ukingo wa meza. Nilimsikia mama kwenye simu anacheka, anangoja nicheke naye. Alingoja Ijumaa ile. Alingoja na Ijumaa iliyofuata. Na kile kidole kilichokuwa kikienda huku na huku kama kalamu kiganjani mwangu pale Homa Bay, nami namtilia maji kwa kijiko.

Karani hakuwa ameona kitu, alikuwa ameshainuka kuchungulia benchi. "Mheshimiwa, kuna baba mmoja tu amebaki," akasema, "lakini ametoka wadi nyingine. Nimwelekeze kwao?"

"Mlete," nikasema. Karani alipofika mlangoni nikamwambia angoje kwanza kidogo, afunge mlango, kwa sababu nilikuwa nalia.